Mwanakuu Aanika Godoro

Mwanakuu hakubisha hodi. Aliingia ofisini kwa Abdulbasit, pale Ganjoni, buibui lake likinuka moshi, akaitupa barua mezani.

"Soma," akasema. "Soma kwa sauti."

Abdulbasit alikuwa wakala wa bima na mtoto wa ami yake. Alianza kwa salamu ndefu: nyumbani hawajambo, watoto hawajambo. Mwanakuu hakuitikia hata moja, na kwa mwanamke aliyelelewa Mji wa Kale, hilo peke yake lilitosha kumtoa mtu jasho.

Barua ilisema kampuni haitalipa hasara ya gari lake lililoungua. Gari lilikatiwa bima kama la kubebea bidhaa, lakini mkaguzi alikuta ndani kitanda, kabati na jiko la gesi lililoanzisha moto.

Bidhaa! Bidhaa gani? Mwanakuu alikuwa mchoraji wa piko na hina. Miaka kumi na minane alizunguka kwenye harusi za watu, toka Msambweni hadi Malindi, akilala mikekani huku watoto wakimruka na wenye nyumba wakimwamsha awapishe njia. Alipochoka alinunua matatu kuukuu, akang'oa viti, akamwita fundi Kazungu amtilie kitanda. Siku nne kwa wiki aliishi garini, tatu katika chumba chake kwenye nyumba ya urithi kule Kibokoni, pamoja na ukoo mzima. Garini, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa na mlango wa kuufunga mwenyewe.

Na haya yote alimweleza Abdulbasit siku ya kukata bima. Kitanda chenyewe alimwonyesha. Abdulbasit akajaza fomu, akamwonyesha pa kutia saini, naye akatia bila kusoma kwa kuwa ni ndugu. Ujinga wake ulikuwa huo tu, na ulimuuma kuliko moto.

"Kwa nini uliandika bidhaa?"

"Nilikusitiri, dada," Abdulbasit akajibu kwa upole, kama anayengoja ashukuriwe. "Niandike vipi kuwa binti wa ami Aidarus yuwalala garini? Fomu zile zasomwa. Watu watasemaje?"

"Watu! Hao watu ndio walionizimia moto?"

"Nitazungumza na jamaa, tukuchangie kimyakimya..."

"Sitaki mchango! Nataka haki yangu. Ashley wa kule kampuni amenambia, ukiandika kuwa nilikueleza nalala garini, dai langu litafunguliwa upya. Shaaban yaja, watu waoana kabla ya Ramadhani, nina maharusi sita waningoja. Shika kalamu."

Akaishika. Aliandika polepole, kisha akamgeuzia karatasi: mteja alinieleza kuwa hupumzika ndani ya gari baina ya kazi.

Hupumzika! Mwanaume mzima, ndevu zake kifuani, anaogopa neno moja. Mwanakuu aliichana karatasi vipande viwili, akatoka.

Gari lilikuwa mbele ya ofisi, nyuma limeungua, injini nzima. Akafungua milango, akaburura godoro lililoliwa na moto nusu, akalitandika barazani chini ya kibao chenye jina la Abdulbasit. Shuka akaianika juu ya kioo cha gari. Deraa lake la kulalia akalitundika kwenye kitasa cha mlango wa ofisi. Kisha akaketi juu ya godoro, mto mapajani.

Tuktuk zikapunguza mwendo. Mwanaesha, jirani yao wa Kibokoni ambaye habari hazikai kifuani mwake hata mpaka adhuhuri, akasimama na kikapu chake.

"Kulikoni, Mwanakuu?"

"Hiki ndicho kitanda changu," akajibu kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Nalala garini, siku nne kwa wiki. Muulize Abdulbasit, yeye ajua tangu mwanzo."

Abdulbasit alitokea mbio, deraa likampiga usoni. "Dada, tafadhali! Waniaibisha!"

"Nakuaibisha wewe? Aliyelala si mimi? Haya, hapana cha kusitiri tena. Andika."

Akarudi ndani. Aliporudi na karatasi, wino ulikuwa bado mbichi, na neno lilikuwepo: hulala. Mwanakuu alilisoma, akalisoma tena. Chini yake pakavu, hapana saini.

Akamsogezea mto wenye masizi aweke karatasi juu yake.

"Tia saini," akasema. "Hapa hapa, mbele ya watu."