Walioandikwa Wamepona

Watu wananiita Sista Unga, na kwa miaka tisa jina hilo lilinikaa vizuri. Ni mimi ninayefunga vidonda katika kliniki yetu, chumba cha mwisho kushoto, chenye kitanda kimoja, mabeseni mawili na dirisha lisilofungika. Vidonge vya antibaotiki nilivitwanga mwenyewe, nikachanganya na poda, nikanyunyiza kwenye vidonda vya miguu vilivyokataa kupona. Wagonjwa walinisifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kisha dada yangu mkubwa akapata kidonda juu ya kifundo cha mguu. Ni fundi cherehani, na ndiye aliyenisomesha kwa kushona sare za watoto wa watu. Nilimnyunyizia unga miezi minne. Kidonda kilianza na ukubwa wa kifungo cha koti, kikafika kiganja cha mtoto. Niliogopa mguu wake utakatwa. Niliogopa sana, ila sikumwambia mtu.

Daktari mpya, binti ambaye viatu vyangu vya kazi vinamzidi umri, alipapasa mapigo ya damu juu ya unyayo wa dada, akaangalia mguu uliovimba. Akasema mishipa ya kurudisha damu juu imelegea, damu inatuama chini. Dawa yake ni bandeji ya kubana, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Unga hauna kazi.

"Hauna kazi?" nikamvuta pembeni. "Daktari, mimi nina daftari. Wagonjwa sitini, waliopona hamsini na mmoja. Wewe una nini?"

"Nani aliwaona wakiwa wamepona?"

"Asiyeonekana wiki tatu tunaandika amepona. Angekuwa anaumwa si angerudi?"

Hakubishana. Alisukuma simu ya kliniki upande wangu. "Basi wapigie, sista. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake."

Yaani methali nirushiwe mimi, tena na mtoto! Nilipiga kwa hasira, nikiwa na hakika nitakuwa nimemwaibisha kabla ya saa sita mchana. Nilipata watu thelathini na wanane. Waliopona kweli walikuwa kumi na mmoja. Wengine walinijibu kwa heshima iliyoniuma kuliko tusi: walichoka, walihamia kwingine, kidonda kipo palepale. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alicheka. "Kidonda hakipo tena, sista. Walikiondoa pamoja na mguu." Kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri, alikuwa amepona.

Niliona aibu, na sitaki kuipamba. Lakini mimi si mtu wa kukaa nikijililia. Nilikwenda kwa daktari nikamwambia anionyeshe hiyo bandeji yake ilipimwaje, maana sikuwa tayari kuuacha unga wangu niangukie imani ya mtu mwingine. Alifurahi, nikashangaa. Akanipa makaratasi ya utafiti, nikayasoma wakati wa chakula hadi chai ikapoa.

Walikuwa mamia ya wagonjwa, wamegawanywa kwa kura: hawa wafungwe bandeji ya kubana, hawa wasifungwe. Wote walifuatwa mpaka mwisho, na aliyepotea aliandikwa amepotea, hakuandikwa amepona. Kura haina mpendwa wala shemeji. Waliofungwa walipona wengi zaidi, tena mapema. Nilipoinuka pale nilikuwa na uhakika ambao unga haukuwahi kunipa.

Kazi ikabaki kwa dada.

"Inabana, ina joto, nitakanyagaje cherehani?" alilalamika. "Ninyunyizie unga wako, mdogo wangu. Mimi nakuamini wewe, si yule mtoto."

"Kama unaniamini, niamini na hili. Unga wangu haukusaidii, dada. Nilikuwa najidanganya, nikakudanganya na wewe." Nikamweleza habari za simu, na za yule fundi na mguu wake.

Tangu utotoni alikuwa hajawahi kunisikia nikikiri kosa, hata siku nilipomvunjia sindano tatu za cherehani nikasingizia paka. Kisha akanyoosha mguu juu ya kitanda.

"Funga. Ila usinionee huruma ukalegeza."

Sikulegeza. Kila Jumatatu nilichora ukingo wa kidonda kwenye plastiki safi, na daktari akachora wake bila kuona wa kwangu, nisije nikaona ninachotaka kuona. Dada alinung'unika wiki zote hizo, akanitukana kwa majina ya utotoni, lakini Jumatatu alifika kabla sijafungua mlango. Wiki ya kumi na nne kidonda kilifunga. Hata hapo sikushangilia. Nilimwambia arudi baada ya mwezi nikione tena kwa macho yangu.

Alirudi. Ngozi ilikuwa nzima. Alikaa akiipapasa kwa kidole, na mimi nikageukia dirishani maana machozi yalikuwa yananitoka.

"Ile miezi minne ya unga," akasema nyuma yangu, "ungeweza kunirudishia?"

"Siwezi, dada."

"Najua. Nilitaka tu usiisahau."

Akavaa viatu vyote viwili, kwa mara ya kwanza mwaka ule, akaenda kazini.