Neno Nililompa Wifi

Wifi, mke wa kaka yangu, alipohamishiwa wodi ya wazazi niliyokuwa nimeifanyia kazi miaka tisa, mimi ndiye niliyemwonyesha kila kabati. Haikupita miezi sita, wazazi wakawa wanamuulizia yeye. "Yule nesi mfupi yuko zamu?" Mfupi ndiye wifi. Mimi nikawa "yule mwingine."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama yangu, aliyenizaa mimi, alikubali kupimwa presha na wifi tu. "Ana mkono mwepesi," alisema, nami nimekaa papo hapo na kipimo changu mkobani. Nikacheka. Moyoni moto.

Ikatokea nafasi ya msimamizi wa zamu. Matroni akaniita ofisini. Jina la wifi lilikuwa juu ya orodha. Langu halikuwamo kabisa.

"Wewe ndiye unayemjua. Tabia yake ikoje?"

Wiki mbili nyuma, daktari alitaka kumruhusu mzazi mmoja ili kitanda kipatikane. Wifi alisimama mlangoni: "Samahani, daktari, huyu bado. Mpime tena." Daktari alifoka, lakini akapima. Saa moja baadaye yule mama alikuwa chumba cha upasuaji, anaokolewa. Neno la kitendo kile lilikuwa tayari ulimini mwangu: jasiri.

"Ni jeuri kidogo," nikasema.

Hiyo "kidogo" niliiongeza ili nisijione mbaya. Matroni aliandika jeuri, kidogo hakuiandika.

Cheo akapewa mtu wa wodi nyingine. Jumapili wifi alikuja kwa mama, tukawa jikoni, yeye anakata vitunguu.

"Wifi, wameniambia mimi ni jeuri. Hivi na wewe unaniona hivyo?"

"Watu wana maneno," nikajibu.

Alijifuta macho kwa kiganja. "Vitunguu hivi," akasema.

Tangu hapo kazini akawa bubu. Daktari akisema ndiyo, naye ndiyo. Asubuhi moja nilimkuta kando ya kitanda cha binti aliyejifungua alfajiri. Binti anatetemeka, na karatasi ya ruhusa imeshasainiwa.

"Presha yake umeiona?" nikamnong'oneza.

"Nimeiona."

"Mbona husemi?"

"Niseme, halafu niitwe nani tena, wifi?"

Nilimkimbilia daktari mimi mwenyewe, nikamwambia ampime tena, ingawa sikuwahi kumpinga mkubwa. Binti akabakizwa wodini, akatibiwa, akapona. Nami nikaenda moja kwa moja kwa matroni.

"Lile neno lifute. Si jeuri, ni jasiri. Nililisema kwa wivu."

Matroni akavua miwani. "Nafasi imeshajazwa."

"Najua. Wewe futa tu."

Akalikata kwa mstari mmoja, akanisukumia kalamu niandike lile la haki mwenyewe, nitie na sahihi.

Tulipokuwa tunabadili sare nikamwambia wifi. Hakupiga kelele. Alifunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja mpaka cha shingoni, ndipo akasema, "Kumbe ni wewe."

Miezi mitatu hakuniita wifi, aliniita nesi. Mwaka uliofuata akapata cheo. Kwenye tafrija ya kumpongeza nilipiga makofi pamoja na wenzangu, na nisiseme uongo, kifua bado kiliniwaka. Ila alipokuja kusalimia meza yetu, nilisimama nikampisha kiti.