Fundi Aligeuza Pakiti

Katika nyumba ya fundi cherehani na mumewe, dereva mstaafu wa malori, dawa haikutupwa hata siku moja. Dereva alirithi imani hiyo kwa mama yake: ukitupa dawa, umeuita ugonjwa urudi. Basi kabati la bafuni lilijaa hadi mlango wake ukawa unafungwa kwa kamba. Mlikuwa na dawa ya kikohozi ya watoto ambao sasa wana watoto wao. Mlikuwa na matone ya macho ya paka, na paka mwenyewe alishakufa zamani.

Hakuna aliyejali mpaka Dereva alipoanza kushikwa na kizunguzungu. Alianguka mara mbili, na mara ya pili akapasuka juu ya jicho kwenye ukingo wa sinki. Binti yao, mwalimu mkuu wa shule, alikuja akaona kidonda, akaona kabati, akatoa uamuzi. Shule zikifungwa, baada ya wiki tatu, atakuja na gari kumchukua baba akaishi kwake. Mama atakuwa anakwenda kumtembelea. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amemletea baba yake soksi zisizoteleza, akamvisha mwenyewe, magoti sakafuni. Fundi aliliona hilo, na ndilo lililomzuia kugombana.

Lakini liliuma. Miaka thelathini Dereva alilala barabarani, na yeye alimngoja. Sasa mtu amerudi kukaa, achukuliwe tena?

Kesho yake asubuhi akafungua kamba. Akamwaga kila kitu juu ya meza ya kukatia vitambaa, akavaa miwani, akafanya kama afanyavyo na nguo ngumu: tandaza kwanza, mkasi baadaye. Zilizopitwa na muda zikaenda kushoto, na zisizo na jina zikazifuata. Zinazotumika zikabaki kulia. Dereva alikaa kitini akitetea kila chupa kama wakili. Walipofika kwenye ile ya kikohozi, mkewe aliipindua chupa na kitu hakikutoka.

"Hii imekuwa gundi, Dereva. Tutagandishia soli za viatu."

Kulia zilibaki pakiti nne tu. Mbili zilikuwa za presha: ya bluu, aliyopewa kliniki miezi miwili iliyopita, na nyeupe, ya zamani. Kila asubuhi Fundi alimpa mumewe kidonge cha bluu na kimoja cheupe, ili vile vya zamani viishe visipotee bure. Majina makubwa juu ya pakiti hayakufanana hata kidogo. Ila Fundi alikuwa na mazoea ya kazi: nguo hukaguliwa upande wa ndani, maana mshono mbaya hujificha huko. Akazigeuza. Chini ya kila jina kubwa palikuwa na maandishi madogo. Akayafuata kwa kidole, herufi kwa herufi, pakiti moja kisha nyingine.

Yalikuwa yaleyale, na namba zake zilezile.

Akakaa chini. Mikono hiihii ndiyo iliyokuwa ikimpelekea maji ya kumezea.

Hakukaa sana. Alikwenda duka la dawa na pakiti zote mbili, na mfuko wa zile za kushoto. Mama mfamasia alisoma, akathibitisha: dawa ni moja, watengenezaji wawili, na mzee alikuwa akimeza dozi mara mbili. Alipiga simu kliniki palepale. Wakaambiwa mzee aendelee na ya bluu peke yake, na aende kupimwa siku hiyohiyo. Mfamasia hakumlaumu. Alimvutia kiti, akampa maji, akapokea ule mfuko ili dawa zikateketezwe inavyotakiwa.

Wiki tatu zikapita. Dereva hakuanguka. Kadi ya kliniki ikajaa vipimo vizuri, na mzee akaanza tena kwenda kinyozi kwa miguu.

Binti alipofika, mama yake alimpeleka bafuni moja kwa moja. Kabati lilifunguka kwa kidole. Ndani mlikuwa na pakiti tatu, bendeji, kipimajoto na karatasi yenye saa za kila dawa, imeandikwa kwa herufi kubwa. Fundi akampa ile kadi, kisha akasema lililokuwa moyoni.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimwangusha baba yako, kwa kumpa dawa ileile mara mbili. Nimeligundua mwenyewe, na nimelikomesha mwenyewe. Haendi popote."

Mwalimu mkuu alisoma kadi mara mbili. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa.

"Mama, hata daktari hakuliona hili."

"Angelionaje? Hajawahi kufungua kabati letu."

Sebuleni, Dereva alikuwa amekwisha kuvaa kofia. Alisema si vizuri gari litoke mbali kote huko lirudi tupu, kwa hiyo wapelekwe wote wawili wakapunge upepo, warudishwe jioni. Akakaa mbele. Njia nzima alimkosoa binti yake namna ya kubadilisha gia, na mwalimu mkuu, aliyezoea kuogopwa na shule nzima, akawa anaitikia tu: "Ndiyo, baba." Nyuma, Fundi alikuwa amejinyoosha kiti kizima peke yake, anacheka mpaka miwani inamtoka.