Ng'ombe wa Sura ya Saba

Kila jioni, mama yake akishaondoka kwenda zamu ya ghalani, Isaro humpa bibi yake chai ya maziwa, hufungua kitabu cha shule na kumsomea kwa Kiswahili. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, kama vyote vya shule za Marekani walikokimbilia. Bibi Mizero anajua Kiingereza cha kushukuru na majina ya dawa zake tu, kwa hiyo mjukuu hutafsiri huku akisoma, kama anavyomtafsiria kwa daktari na kwa fundi wa friji.

Ni riwaya ya miaka ya zamani, ya mwaka wa mafuriko ya mto Ohio. Shujaa wake ni Hattie, binti wa dobi mjane, na wenzake shuleni wanamtesa: wanautupa mkate wake matopeni, kisha wanacheka. Mwanzoni Isaro alitafsiri kwa uaminifu. Baadaye, bila kukusudia sana, akaanza kuongeza chumvi yake. Hattie akaambiwa ananuka maziwa. Hattie akapanda basi la shule, na kila kiti alichokiendea kikawekewa begi. Kijana mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Kivu kama wa Isaro, akamtangazia mbele ya watu kwamba ukoo wake hauna nchi.

"Miaka ile bisi zilikuwaka?" Bibi akauliza kuhusu mabasi hayo.

"Zilikuwaka, Koko," Isaro akamjibu bibi yake.

Bibi alimtazama mjukuu wake, akanywa chai. "Na uyu mutoto hana ata rafiki moya?"

"Hana."

"Bon. Tutamupatia ng'ombe."

Kwa watu wa nyanda za juu za Kivu Kusini hilo ni jambo la kawaida. Urafiki wa mdomo ni wa mdomo tu. Ukimpenda mtu kweli unampa ng'ombe, naye siku moja anakurudishia ndama, na tangu hapo anayemgusa mmoja wenu amewagusa wote wawili. Kasoro ilikuwa moja, kwamba Bibi Mizero hakuwa na ng'ombe. Kundi lake lote lilichukuliwa na wenye bunduki mwaka waliokimbia. Yeye hakuiona kasoro hiyo.

Lakini ng'ombe wa ukoo hatolewi kimyakimya. Bibi akaagiza apigiwe watoto wake kwa video. Nkusi, mwanawe mkubwa, alikuwa ndani ya gari nje ya kiwanda huko Buffalo, kioo kimejaa theluji. Leya alikuwa Hilliard, karibu na Columbus, kazini kwake, akimlisha mzee supu. Hawa wawili walikuwa hawasemezani tangu mazishi ya baba yao, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

"Nataka kumutoa Bihogo," Bibi akasema, akimtaja ng'ombe mmoja wa kundi lile.

"Mama, Bihogo si balimwiba?" Nkusi akauliza.

"Balimwiba, sikubauzishia. Donc angali wangu."

Ng'ombe ambaye hakuwauzia wezi alikuwa bado wake. Leya alisema amekubali, kaka yake akikubali. Nkusi akakohoa. "Mumwambie Leya nimekubali."

"Umwambie mwenyewe," Bibi akasema, naye akamwambia.

Asubuhi Bihogo alikuwa ameshaingia sura ya saba, katika nakala zote za darasa. Alisimama kwenye matope kati ya Hattie na wale watesi, mwekundu, pembe ndefu, na wao wakarudi nyuma hatua kwa hatua. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wamwangalie vizuri ng'ombe huyo, maana angekuja kwenye mtihani. Nakala ya mtoto wa Nkusi huko Buffalo nayo ilikuwa naye, na kurasa zake zilinuka moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Nkusi alimpigia Leya kumweleza, wakalia pamoja kwenye simu.

Kwenye basi la kweli, la Isaro, hakuna kilichobadilika. Isaro aliendelea kusimama nyuma ya dereva, akimwonea Hattie wivu.

Siku walipofika sura ya mwisho, zamu ya kusoma kwa sauti ilimwangukia Bulonza, yule kijana aliyemtangazia Isaro kwamba ukoo wake hauna nchi. Alisoma vizuri mpaka katikati ya ukurasa. Hapo akataka kuruka mstari. Wenzake, ambao walikuwa na ukurasa uleule mbele yao, wakamwambia asome.

"Ndama huyu," Bulonza akasoma maneno ya Hattie, "ni wa Isaro, mjukuu wa Mizero, kwa kuwa walinipa Bihogo, mama yake." Majina aliyatamka sawasawa, jambo ambalo mwalimu hakuwa ameliweza mwaka mzima.

Saa ya kwenda nyumbani ndama alikuwa mlangoni pa basi, amelowa maji ya mto. Dereva akauliza ni wa nani. Isaro hakuwahi kudai kitu chochote ndani ya gari lile; hata nafasi ya kusimama aliichukua kama ya kuazima.

"Wangu!" akasema, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma.

"Basi akae chini. Kuanzia leo sitaki mtu asimame gari likitembea."

Mabegi yalikuwa juu ya viti kama kawaida. Chimène, msichana wa Bukavu ambaye kwao walimkataza kuzoeana na watu wa Isaro, akateremsha lake. "Njo hapa," akasema. "Naweza kumushika?"

Akamkumbatia ndama shingoni, sweta ikalowa. Isaro akaketi. Furaha ilimjaa, lakini lililompasa alilijua. "Akizaa," akasema, "wa kwanza ni wako."

Bulonza hakuomba radhi. Kule milimani, waliolichukua kundi waliendelea kukamua waliobaki. Jioni ile mama yake Chimène alimuuliza sweta imeloweshwa na nini, akaambiwa ukweli, naye akarudia katazo lake, safari hii kwa ukali zaidi.

Asubuhi Isaro na ndama walipopanda, Chimène alikuwa amejibana dirishani kuwaachia nafasi, ngumi imejaa nyasi za ndama alizong'oa mbele ya nyumba yao, akiwapungia mkono waje.