Mgeni wa Metimani

Wanawake wa Utetezi wa Uhai walikuja kwetu Tlawi kwa mara ya kwanza mwezi wa pili, wakasimama nje ya ua. Mimi nilikuwa kizingitini nachambua maharage. Walikuwa watano, wamevaa vitenge vya sare ya parokia, na mbele yao alisimama Mama Gaudensia, mwenyekiti wao, ambaye sauti yake inatosha kanisa zima bila kipaza sauti.

"Hodi, mama Alex!"

"Karibuni. Shikamoo, mama," nikasema kwa mazoea tu, maana wote tulijua kwamba hawatakaribia.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye metimani. Kwa asiye mtu wa huku, maana yake ni kwamba nyumba iliyofiwa na mtoto inakaa peke yake. Watu hawaingii kwenu, nanyi hamwendi kwao, hakuna kuombana moto wala maji, na ng'ombe wenu hawachungwi na wa jirani, mpaka wazee waseme imetosha. Mtu akiingia akanywa maji yenu, naye amefungwa kama ninyi. Anayekingwa zaidi na jambo hilo ni mwanamke mwenye mimba. Baba mkwe wangu, mzee Sulle, ni mzee wa kanisa. Padre akihubiri kwamba mambo hayo tuyaache, yeye huitikia amina kuliko wote, halafu akifika nyumbani anaziba mlango wa ua kwa matawi ya miiba.

Mtoto aliyekufa alikuwa wangu. Alex, miaka minne. Alikuwa Katesh na baba yake, Alfredi, asubuhi ile tope liliposhuka kutoka mlima Hanang. Mimi nilikuwa nimekuja huku juu kumsaidia baba mkwe kupanda mahindi. Walipatikana siku ya tatu, wote wawili, katika chumba kimoja. Nimelieleza jambo hili mara nyingi kwa watu wa serikali na watu wa misaada, na kila mara naona kama nasoma tangazo la msiba wa watu wengine. Sikulia. Walisema ni mshtuko, utakwisha na nitalia. Basi mshtuko ukakaa, na mimi nikakaa nao.

Baada ya mazishi ndipo nilipojua kwamba nina mimba. Nilikwenda zahanati. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakasogea wote upande mmoja, na mmoja akaona heri asimame. Nesi alipomaliza kunipima nikamwuliza kama inaweza kutolewa. Sikuuliza kwa machozi. Niliuliza kama mtu anavyouliza bei ya chumvi. Nesi akasema haiwezekani, ni kosa la jinai, akaandika kitu kwenye kadi yangu. Kabla wiki haijakwisha alikuwa ameshamweleza Mama Gaudensia. Nilijua kwamba hilo ni jambo la kukasirisha, lakini sikukasirika.

Ndiyo maana siku ile walikuja.

"Mama Alex," Gaudensia aliita, "tumekuja kukwambia hauko peke yako! Hata siku ya kujifungua hutakuwa peke yako! Tumelisema mbele ya Ekaristi!"

Alisema hayo akiwa mbali nami hatua ishirini. Nikaendelea kutoa mawe kwenye maharage.

Mmoja wao alikuwa msichana mgeni, Judica, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi. Alikuwa amebeba beseni jipya lenye sabuni na nguo za mtoto. Akayasukuma matawi kwa mguu ili apite. Mama Gaudensia akamdaka kitenge kwa nyuma.

"Mwalimu! Unakwenda wapi?"

"Si tunampelekea vitu?"

"Viache hapo hapo. Atakuja kuvichukua."

Akamwinamia akamnong'oneza. Mwalimu akanitazama, akamtazama tena mwenyekiti wake, kama mtu aliyeuziwa debe la mahindi akakuta nusu ni pumba. Mwishowe akaweka beseni chini, wakasali sala ndefu, wakaondoka.

Simlaumu Mama Gaudensia, na sikumlaumu siku ile. Ana binti mmoja tu, Mary. Mary alikuwa ameolewa miaka minane bila mtoto, amezungushwa hospitali mpaka Arusha, na mwaka huo ndipo alipopata mimba. Ilikuwa ya miezi ile ile kama yangu. Mama akinywa maji kwetu asingeweza kukanyaga kwa Mary, wala kumshika mjukuu wake, mpaka wazee wamfungue. Mtu gani angefanya hivyo kwa ajili ya mtoto wa jirani?

Na kusaidia walitusaidia kweli. Kila Jumatano palikuwa na kitu nje ya ua: unga, mafuta ya kupikia, dawa za kuongeza damu, mara moja kuku aliyefungwa miguu. Palizi ilipofika, mzee Sulle aliumwa nyonga, nao wakalima shamba letu lote. Walilima sisi tukiwa ndani. Tulikaa jikoni, mzee na mimi, tukisikia majembe na wimbo wa Bikira Maria, na walipomaliza wakapiga kelele kwamba wamemaliza, ndipo tukatoka tukaona shamba safi na hakuna mtu. Mzee Sulle alicheka siku ile. Alisema tumelimiwa na malaika wenye matope miguuni.

Mimi nilikula unga wao na tumbo likakua. Mtoto alicheza, nikajua amecheza. Sina zaidi la kusema juu ya miezi hiyo.

Mwezi wa sita daktari aliyekuja zahanati aliniambia kwamba, kwa kuwa Alex alizaliwa kwa upasuaji, na huyu lazima azaliwe hivyo hivyo. Nikilazimisha kuzaa nyumbani, kovu linaweza kupasuka na tukafa wote wawili. Niende hospitali Mbulu mjini wiki moja kabla, na nije na mwanamke wa kunihudumia wodini, wa kunipikia, kufua na kumshika mtoto.

Mwanamke huyo hakuwepo. Mama yangu na mama mkwe walikwisha kufariki. Dada yangu ameolewa Hirbadaw kwenye boma la wafugaji, ananyonyesha, na mzee Sulle alipompigia simu mume wake, huyo alisema pole nyingi halafu akakata. Mwalimu Judica alikuwa tayari kabisa, lakini shule zilikuwa zinafunguliwa na mwalimu mkuu hakumpa ruhusa. Wengine wote walikuwa na mkwe mwenye mimba, au binti, au wao wenyewe.

"Nitakwenda nawe mimi," mzee Sulle akasema.

"Baba, wodi ya wazazi hawaingii wanaume."

"Nitakaa dirishani."

"Nitazaa hapa hapa," nikasema.

"Daktari amesema utakufa."

"Nimemsikia, baba."

Akanitazama. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba sikuwa nasema kwa ushujaa. Niliona tu kwamba ni sawa. Kama kovu litapasuka, litapasuka.

Jumatano iliyofuata, wanawake walipoweka unga, mzee Sulle alitoka akiegemea fimbo, akaenda mpaka kwenye miiba. Mzee yule hajawahi kumwomba mtu kitu. Akavua kofia.

"Mama Gaudensia," akasema. "Mlisema siku ya kujifungua hatakuwa peke yake. Mlilisema mbele ya Ekaristi. Mimi nimezika mtoto na mjukuu. Huyu naye anataka kufa, na anataka kufa bila hata kugombana na mtu. Mimi niwaambie nini?"

Akaanza kulia, mzee mzima, mbele ya wanawake. Mama Gaudensia akageuka, na wenzake wakamfuata. Nikasema moyoni kwamba hao ndio tumewaona mara ya mwisho.

Kesho yake saa nne asubuhi alikuja peke yake. Alikuwa na begi, mkeka na sufuria, na sweta mbili kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba. Hakupiga hodi. Alisogeza tawi la kwanza, la pili likamchoma mkononi, akalilaani kwa neno la Kiiraqw ambalo sikujua kwamba mwenyekiti wa Utetezi wa Uhai analifahamu. Akaingia uani akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Nipe maji," akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe maji ya kunywa, Philomena."

Tangu Alex afe hakuna aliyekuwa ameniita jina langu. Nilisimama palepale.

"Mama, na Mary?"

"Mary ana mama mkwe."

"Ni mtoto wake wa kwanza. Miaka minane."

"Najua ni miaka mingapi! Ulifikiri nimesahau kuhesabu? Lete maji kabla sijaondoka."

Nikamletea kikombe. Aliyanywa yote bila kupumzika, kama mtu anayekunywa dawa chungu, akakigeuza kikombe chini ili mzee Sulle aone. Mzee akapiga ishara ya msalaba. Mchana huo tulikwenda Mbulu kwa gari la mchungaji wa Kilutheri, maana yeye ni mtu wa Singida na metimani haimhusu.

Hospitalini hakuna metimani. Daktari anatoka Iringa, mpasuaji anatoka Tabora, na vitanda vimebanana. Walinipasua Jumatatu, akatoka mtoto wa kike. Mama Gaudensia alipika uji, akafua vitambaa, akanisafisha mwili kwa maji ya moto, akagombana na manesi. Mtoto alikaa kwake. Njaa ikimshika, alimleta akamweka kwenye titi langu, akamshikilia mpaka ashibe, akamchukua. Mimi niliangalia dari. Ilikuwa na mbao kumi na moja, na ya saba ilikuwa na doa la mvua.

Siku ya tatu mchana, simu yake ikaita. Masikio yake si mazuri, kwa hiyo huwa anaiweka kwa sauti, na wodi nzima inasikia.

"Mama," Mary akasema. "Nimejifungua. Leo alfajiri. Wa kiume."

"Mungu wangu! Mzima?"

"Mzima. Kilo tatu na nusu."

"Asante Mungu. Asante Mungu. Nani amemshika?"

"Mama mkwe. Mama, utakuja lini?"

Mtoto wangu alikuwa mapajani mwa Gaudensia.

"Wazee wakinifungua, mwanangu. Labda baada ya Krismasi."

"Baada ya Krismasi atakuwa anakaa."

"Najua."

"Uliniombea mwenyewe miaka minane," Mary akasema. "Halafu ulipojibiwa ukaenda kushika wa mtu mwingine."

Simu ikakatika. Mama Gaudensia aliitazama, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Pole, mama," nikasema.

"Usinipe pole!" Wanawake wa vitanda vya jirani wakageuka. Akashusha sauti. "Nitakwambia kitu na usimwambie padre. Nilijuta palepale uani kwenu. Maji yalikuwa bado kooni na nilikuwa nimeshajuta. Usifikiri ni wema. Yule mzee alivua kofia, nami nilikuwa nimeshasema mbele ya watu, nikaona aibu. Ilikuwa aibu tu. Sasa nimemkosa wa Mary, siku yake ya kwanza sitaiona tena, na huyu hapa mama yake hajamtazama hata usoni. Siku tatu, Philomena! Niambie basi, mimi nimekuja huku kufanya nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba hakuna aliyemwomba. Hasira ilinipanda ghafla, na nikashtuka, maana nilikuwa nimesahau inavyokuwa. Nilimkasirikia yeye, na nesi wa zahanati asiyejua kufunga mdomo. Nilimkasirikia Alfredi. Nilimwambia apande nami Tlawi, yeye akasema hawezi kuacha mnada wa Katesh kwa ajili ya biashara yake ya viatu vya mitumba, akabaki, akabaki na mtoto wangu! Sijui niliyasema hayo kwa sauti au hapana. Najua kwamba nililia. Nililia kwa kelele, kwa aibu, mpaka mshono ukavuta na nesi akaja mbio akidhani nimechanika, na sikuweza kunyamaza.

Kelele zangu zikamwamsha mtoto, naye akaanza. Mama Gaudensia akamwinua, akamkaribisha kwenye titi langu kama kawaida, huku akitazama kando.

"Mlete mikononi," nikasema.

Akanipa. Nikamtazama. Alikuwa na nywele nyingi, na shavuni palikuwa na mstari mwekundu aliojikwaruza kwa kucha. Nikaushika ule mkono wake ili asijikwaruze tena.

"Mama," nikasema, "lala kidogo. Huyu nitakaa naye mwenyewe."

Alijilaza kwenye mkeka wake chini ya kitanda, akageukia ukutani, akajifunika kanga mpaka kichwani. Nilimsikia analia kwa muda mrefu.