Kofia Kwenye Swichi Kubwa

Siku ambayo Okal hakurudi nyumbani, mkewe Adoyo alikuwa upande wa pili wa ukuta, kisu mkononi, sangara mezani mbele yake. Wote wawili walifanya kazi katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki ufukweni Igogo, Mwanza; mke mkataji, mume fundi umeme.

Mtambo wa kugandisha samaki ulikuwa wa enzi za ushirika, mkubwa, mkaidi, unanguruma kama lori lililokwama kwenye tope. Wenye kiwanda wapya waliununua pamoja na majengo, wakaupaka rangi, wakaona wamemaliza. Kisha wanunuzi wa Ulaya wakasema kipimo cha baridi kisiandikwe tena kwa kalamu, kitoke kwenye mashine chenyewe. Ikaletwa printa, nyeupe, bado ina plastiki zake. Okal akaambiwa aiunganishe na mtambo ule.

"Hivi vitu havielewani," alimwambia Adoyo wakila jioni. "Huyu mzee anapiga kelele, huyu mtoto ananong'ona. Lazima nitengeneze kisanduku kikae katikati, kiwatafsirie."

"Na bosi wako?"

"Venant? Anasema Dar wanaunganisha printa huku wanakunywa chai. Nimemwambia alete chai."

Kiwanda hakikuwa na kufuli la swichi. Kufuli la Okal lilikuwa kofia yake ya bluu. Akizima swichi kubwa ili aufungue mtambo, aliivua na kuitundika kwenye mkono wa swichi. Kofia ikiwa pale, hakuna mtu anayegusa. Wakataji walijua, walinzi walijua, wafagiaji walijua.

Asubuhi ile mtambo ulinyamaza. Wanawake wakanyoosha migongo.

"Shemeji katupa sikukuu," alisema Jasmin, jirani yake Adoyo mezani. "Si ungemwambia azime mpaka jioni?"

Wakacheka. Walikuwa bado wanacheka mtambo uliponguruma tena. Ukafuata ukelele mmoja, mfupi. Adoyo aliangusha kisu.

Kabla maiti haijapoa, ofisi ilikuwa na jibu: fundi alifungua mtambo bila kuzima umeme. Uzembe. Neno hilo lilimfikia Adoyo hospitalini, likamfuata nyumbani, likakaa na wafiwa kwenye mikeka. Watoto wake walilisikia. Akawa hatoi machozi tena.

Siku ya kusafirisha msiba kwenda Rorya, nyumbani kwao Okal, mlinzi Ngosha alikuja na mfuko wa plastiki.

"Dada, pole. Hii ni ya marehemu."

Ilikuwa ile kofia. Kavu, safi, haina hata alama ya moshi.

"Umeitoa wapi?"

"Ofisini kwa bosi Venant. Ilikuwa imetundikwa msumarini."

"Nani aliivua kwenye swichi?"

Ngosha alitazama viatu vyake. "Dada, mimi nina watoto."

"Na mimi nina nini? Mbuzi?"

Ngosha aligeuka. Akaondoka haraka.

Kule Rorya, kama ilivyo desturi ya Wajaluo, kila aliyemjua marehemu alipewa nafasi ya kusema kabla ya kuzika. Zamu ya mwajiri ikafika. Venant, msimamizi wa kiwanda, akashika kipaza sauti, miwani myeusi usoni.

"Okal alikuwa fundi hodari. Ila siku ile alisahau kanuni ya kwanza ya umeme. Liwe fundisho kwetu sote."

Fundisho! Adoyo akasimama kando ya jeneza. Oyoo, kaka wa marehemu, akamshika mkono.

"Shemeji, kaa chini. Hawa ndio wametoa gari na jeneza."

"Wachukue gari lao. Na jeneza wachukue. Mume wangu nitamzika na mkeka."

Akajinasua, akaenda mpaka mbele ya Venant, akainua kofia.

"Bosi, unaijua hii?"

"Mama, huu si wakati wake."

"Ndio wakati wake. Kesho hutakuwepo hapa. Mtambo ulizimwa, nilisikia kwa masikio yangu. Mume wangu alizima, akatundika kofia. Nani aliitoa?"

"Mama, una uchungu, hukusikia vizuri..."

"Tulisikia!" Jasmin alikuwa amesimama kati ya wanawake, khanga imemdondoka begani. "Meza nzima tulisikia. Mpaka tulicheka. Mwongo wewe!"

Watu wakaanza kunguruma. Venant akavua miwani.

"Lori zima la samaki lilikuwa linangoja!" akapaza sauti. "Wangeoza! Nikajua amemaliza, kofia ameisahau tu."

Kipaza sauti kilipeleka maneno hayo hadi kwenye migomba. Mzee mmoja akayarudia kwa Kijaluo, polepole, kwa ajili ya wasiojua Kiswahili: samaki wangeoza. Bibi yake Okal aliuliza kama amesikia sawasawa. Yakarudiwa.

Oyoo alimnyang'anya Venant kipaza sauti. "Nenda kwenye gari lako," alisema. "Usishike udongo wetu."

Walimzika Okal bila mtu wa kiwanda kutupa hata konzi moja ya udongo. Kofia Adoyo alirudi nayo Mwanza.

Hakurudi kwenye meza ya minofu. Anauza uji sokoni. Venant bado yuko kazini. Fundi aliyetoka Dar alimalizia kuunganisha printa kwa kutumia kisanduku kilekile cha Okal, nayo inachapa. Swichi kubwa sasa ina kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa fundi.