Asilimia Mbili Siku ya Posa

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo wetu mzima wa Kituntu, ninautangazia umma kwamba mimi, Veronika, mwanafunzi wa kidato cha tatu, niliteuliwa kuwa Mwongoza Safari Mkuu wa msafara wa posa ya baba yangu mdogo Projest kwenda Kyerwa. Uteuzi ulifanyika jikoni, mbele ya wazee, na haukupingwa na mtu. Sababu ya uteuzi ni kwamba nikikaa kiti cha nyuma natapika.

Nyumbani nilikuwa kwa ruhusa ya siku nne, kutibiwa jino. Tutalirudia jino baadaye, ikibidi.

Kazi yangu ilikuwa moja: kuitazama simu ya baba mdogo. Simu ilikuwa imebanwa kwenye kishikio mbele ya usukani, ramani ikiwa wazi, na mama mmoja ndani yake akitusomea kona kwa Kiingereza. Ilikuwa simu janja ya miaka mingi, betri yake imechoka, kwa hiyo waya ulitoka kwenye simu ukashuka hadi kwenye chaja iliyochomekwa kwenye lile tundu la kuwashia sigara. Ramani inakula chaji, waya unaleta chaji. Mimi nilikuwa mwamuzi kati yao.

Wengine mtauliza kwa nini tusingeuliza njia kwa watu. Swali zuri, na jibu lake lilikuwa limekaa kiti cha nyuma, limevaa koti jeusi. Mzee Rwezaura, mshenga wetu, amepeleka posa kwa miaka arobaini. Kwa desturi ya huku, wageni wa posa wakifika kwenye irembo, pale pa kuingilia nyumbani, huulizwa nani aliyewaonyesha njia. Mshenga hujibu kwamba ni harufu ya kahawa ya nyumba hiyo. Akiulizwa kama hawakuuliza mtu, anatakiwa aseme hawakuuliza. Washenga wengi huuliza njia barabara nzima halafu wakafika na kusema hivyo hivyo. Mzee Rwezaura hajawahi kusema uongo kwenye irembo la mtu, na alisema hataanza uzeeni. Kuhusu simu, alifikiri siku mbili, akaamua kuwa simu si mtu.

Basi simu ikizimika, tumepotea. Kwao Jovitha, binti tuliyekuwa tunakwenda kumposa, walikuwa wamehamia shamba jipya ng'ambo ya Songambele, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Jovitha mwenyewe, muuguzi ambaye baba mdogo alimfahamu alipokwenda kufunga sola kwenye zahanati karibu na Rubwera, alikuwa ametutumia alama ya nyumbani kwao kwenye ramani, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiifuata.

Na kupotea kulikuwa na bei yake. Babu yake Jovitha, Mzee Melkiory, katekista mstaafu, hapokei posa baada ya saa sita mchana. Anayechelewa kwa dharau anarudishwa kwao akajipange upya. Siku ile ilikuwa Jumamosi, Kwaresima inaanza Jumatano, na katika Kwaresima kwa mzee huyo haposwi hata kuku. Kurudishwa maana yake ni kusubiri hadi Pasaka ipite. Wakati huo kulikuwa na bwana mwingine, mwenye lori la kubeba ndizi, ambaye naye alikuwa ameomba siku. Baba mdogo hakulala vizuri wiki nzima kwa ajili ya lori hilo.

Tuliondoka simu ikiwa na asilimia arobaini na moja. Shangazi Mackrine, aliyekaa nyuma pamoja na mshenga, alishangaa, kwa sababu alinikabidhi mimi simu hiyo asubuhi na mapema ili niichaji ijae. Nikamwambia kwa upole kwamba umeme haukuwa na nguvu. Baba mdogo, ambaye umeme ndio kazi yake, akanitazama kidogo, lakini alikuwa anahangaika na tai iliyotafunwa ncha, akaniacha.

Tulipofika Omurushaka akaniuliza imefika ngapi.

"Thelathini na tatu, baba mdogo."

"Si ilikuwa arobaini na moja? Na iko kwenye chaja?"

"Ilikuwa. Zamani zilikuwa nzuri."

Mzee Rwezaura akacheka kwa pua huko nyuma. Akasema amewahi kupeleka posa za waashi wasio na nyumba na wavuvi wasiokula samaki, ila fundi umeme anayeishiwa umeme njiani ni wa kwanza, na kwamba jambo hilo hatalitaja kwa wakwe.

Tukaanza matibabu. Uchunguzi wangu wa awali ulionyesha kuwa chaja ilikuwa inacheza kwenye tundu lake. Kila gari likiruka tuta, inachomoka na taa yake ndogo inazimika. Ilihitaji kukazwa na kitu. Shangazi akapekua mkoba, hakukuwa na kitu, mwisho akafungua Biblia yake na kutoa barua ya posa. Barua akaibakiza. Bahasha ndiyo niliyoikunja mara nne nikaisokomeza pembeni ya chaja, ikakaza vizuri. Taa ikawaka moja kwa moja.

Simu ikashuka hadi ishirini na saba.

Baba mdogo akaamuru nipunguze mwanga wa kioo. Nikapunguza hadi ramani ikabaki ya kukodolea macho. Akazima redio, jambo ambalo yeye mwenyewe alijua halisaidii. Akasema huenda ni jua linalopiga kioo cha mbele, simu ikipata joto haipokei chaji sawasawa. Akanitaka niivue kava. Nikaivua kwa unyenyekevu, na kila mara niliponyoosha mkono macho yake yalikuwa hapo hapo kwenye kioo cha simu, kwa sababu ndipo ilipokuwa njia.

Nasisitiza hilo la macho. Lina umuhimu.

Tulipita Rubwera tukiwa na kumi na tisa. Bodaboda zilikuwa zimejipanga kivulini, na dereva mmoja akatupungia mkono akiuliza tunaelekea wapi. Mzee Rwezaura akapandisha kioo cha gari haraka, kana kwamba yule kijana angemwambukiza.

Hapo nikatoa wazo, nikijifanya nimelipata sasa hivi. Kwa nini tusimpigie Jovitha kwa kasimu ka shangazi ka vitufe, atuelekeze kwa mdomo?

"Wewe mtoto, bweni linakufundisha nini?" shangazi akasema. "Siku ya posa binti hashiki simu. Simu ya Jovitha tangu alfajiri iko kwa shangazi yake Therese. Na Therese ndiye anayekaa karibu na Mzee Melkiory, anamsomea kila kinachoingia."

"Kila kinachoingia?"

"Kila kinachoingia. Mzee haoni maandishi madogo. Kwa nini umebadilika rangi?"

Nikasema ni jino.

Kutoka hapo hadi Songambele sikuwa na utani. Ilikuwa kumi na tano, kisha kumi na mbili. Migomba pande zote, kahawa chini ya migomba, na kila njia inayoingia ndani ilifanana na iliyotangulia. Mara mbili mama wa ramani alitupeleka kwenye njia ya ng'ombe, mara mbili tukarudi kinyumenyume, na Mzee Rwezaura akimwambia kwa heshima, "Binti, tulia, ufikiri." Saa tano na nusu ilitupata tuna asilimia tisa. Baba mdogo aliacha kuuliza. Alikuwa anaendesha huku midomo ikicheza, anarudia maneno yake ya kusema mbele ya wazee, na nikaona jasho limeingia kwenye kola ya shati jipya.

Njia ilipogawanyika mara tatu juu ya kilima, simu ilikuwa na mbili.

Baba mdogo akazima gari. Halafu akaliwasha tena, kwa kuwa likizimwa na chaja inakufa. Akaweka paji la uso juu ya usukani.

"Ikizimika hapa, Vero, yule wa lori ameshaoa."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningevumilia, nimeizoea.

Mzee Rwezaura alishuka, akakata kipande cha jani la mgomba wa mtu, akalilowesha kwa maji ya kunywa, akanipa. Alisema simu ina homa na homa hushushwa kwa kitambaa chenye maji. Nilikuwa na dakika moja. Nikaitoa simu kwenye kishikio huku waya ukining'inia, nikashuka, nikaipa mgongo gari kana kwamba naikinga na jua, nikaifunga jani kwa nyuma, na kwa kidole gumba nikafanya jambo nililokuwa nikitaka kulifanya tangu Rubwera. Nikafungua pale nilipopafungua asubuhi, tayari kufuta.

Nilichelewa. Juu ya kilima mtandao ulikuwa mzuri kuliko kote tulikopita. Kile nilichotaka kukizuia kilikuwa kimekwenda, kimefika, na kimeshatazamwa.

Nikairudisha simu kwenye kishikio. Ikakaa mbili. Ikakaa mbili tena. Kisha, mbele ya macho yetu wote, ikawa tatu.

"Jani," akasema Mzee Rwezaura.

Ikawa nne. Ikawa sita. Shangazi akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Baba mdogo akachukua njia ya kushoto kama alivyoambiwa, na Mzee Rwezaura akatueleza kwa kirefu kwamba wataalamu wa mjini hawajui majani. Nilimuunga mkono. Sikuwahi kumuunga mtu mkono kwa moyo kama siku ile.

Tulifika saa sita na dakika tisa.

Mti ulikuwa umelazwa kukatisha irembo, na nyuma yake alisimama Mzee Melkiory na saa ya mfukoni kiganjani. Nyuma yake, uani, wazee wamekaa kwenye viti, mabakuli ya buni za kahawa za kutafuna mapajani. Tulimwamkia sote. Akaitikia, hakuugusa mti.

"Nani kawaonyesha njia?"

"Harufu ya kahawa yenu," Mzee Rwezaura akasema, amenyooka kama mlingoti.

"Hamkuuliza mtu?"

"Hatukuuliza mtu."

"Na kilichowachelewesha?"

"Simu yetu iliishiwa chaji, tukawa tunaibembeleza."

Mzee Melkiory akafunga saa yake taratibu. Akasema yeye ni mzee lakini si mjinga. Mjukuu wake huchaji simu ndani ya basi kutoka Bukoba, na gari linalotembea lina umeme wake. Tungemwambia msiba, angetupa pole. Tungemwambia pancha, angeshika tairi kwa mkono wake. "Lakini simu kuishiwa ndani ya gari, na chaja mnayo? Mmechelewa kwa sababu mliona mnaweza kuchelewa. Semeni hivyo, mrudi salama."

Mzee Rwezaura akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. Alikuwa amesema kweli tupu na alikuwa anafukuzwa kama mwongo. Nadhani halikuwahi kumtokea. Shangazi akanyoosha ile barua, ikiwa ndani ya bahasha iliyokunjwa mara nne na yenye duara jeusi la chaja, na hilo halikusaidia. Baba mdogo alisimama ameishika ncha ya tai yake. Dirishani nikaona kitambaa cha njano kikitikisika, na nikajua Jovitha anatazama.

Hapo ndipo Therese, shangazi yake, alipotoka kati ya wazee. Alikuwa amebana midomo kwa nguvu sana, na mkononi ana simu.

"Baba, kabla hawajarudi, tuwaulize kwanza huyu mbuzi ni nani."

Akaibonyeza. Uani kote ikasikika sauti ya baba mdogo, ikitetemeka, ikisema kwamba amekuja na mikono miwili na moyo mmoja kuomba mtoto wa nyumba hii. Ikasikika sauti ya tai ikitafunwa. Kisha, karibu kabisa na simu, sauti nyembamba ikajibu, "Meee, tumekubaaali." Wazee wakaangua kicheko, na kwa kicheko chao nilijua haikuwa mara ya kwanza wala ya tatu kukirudia kipande hicho.

Baba mdogo hakucheka. Aligeuka polepole, akanitazama, kisha akaitazama simu yake ndani ya gari, kisha mimi tena. Fundi umeme alikuwa anapiga hesabu.

"Vero. Hiyo video ina dakika ngapi?"

Nikapita chini ya mkono wake, nikapiga magoti mbele ya mti, kwenye vumbi, na sketi ya kanisani.

"Shikamoo babu. Mbuzi ni mimi."

Nikasema yote. Kwamba asubuhi nilipewa simu niichaji, nikamfuata baba mdogo nyuma ya banda alipokuwa anafanya mazoezi mbele ya beberu, nikamrekodi dakika kumi na moja. Kwamba niliituma kwa Jovitha ili acheke, nisijue simu yake inashikwa na nani. Kwamba mtandao ulikuwa dhaifu na video nzito, ikawa inajaribu kwenda, inashindwa, inajaribu tena, kutoka Kituntu hadi Songambele, ikila chaji kuliko waya ulivyoweza kuleta. Kwamba nilijua tangu Omurushaka, na sikuisimamisha kwa sababu macho ya baba mdogo yalikuwa kwenye kioo. Kwamba mshenga wetu hajasema uongo. Kwamba lile jani halikufanya lolote, na Mzee Rwezaura anisamehe.

Mzee Melkiory aliinama, akashika ncha ya mti wa irembo, akauinua hadi kifuani, akanitazama kwa chini yake.

"Ni hayo tu?"

Nilikuwa nimeshaanza, na sikujua pa kusimamia. Nikamwambia na la jino, ambalo halijawahi kuuma.